Taa ya kulia ya gari la mjomba

Taa ya kulia ya gari la mjomba ilikuwa inawaka, lakini kwa wekundu wa kinyonge, kama kaa linalokaribia kuzimika. Kila indiketa ya upande huo ilipowaka, taa nayo ilizidi kufifia. Mjomba alilisimulia hilo kwa kupita tu, na mimi ndilo lililonikaa kichwani.

Balbu alishabadilisha. Fundi mmoja akamwambia ni altaneta, ile mashine ya kuzalisha umeme wa gari, mwingine akalaumu swichi. Mafundi wengi hukimbilia kifaa kinachouzwa dukani, maana kuhangaika na waya mzee hakuna anayependa kukulipia. Lakini altaneta ikichoka, taa zote mbili hufifia. Ya kushoto ilikuwa nzima.

Tukabadilishana balbu za pande mbili. Ugonjwa ukabaki kulia.

Nikachomoa soketi, nikaipima kwa mita: volti 12 na ushei. "Si unaona umeme upo?" mjomba akasema, tayari amelishika boneti alifunge.

"Upo kwa sababu hauna kazi, mjomba. Hebu tuupe mzigo."

Balbu ya wati 55 huvuta zaidi ya ampea 4, ilhali mita haivuti karibu chochote. Waya mbovu unaweza kuidanganya mita, balbu hauwezi. Nikairudisha balbu, tukawasha, nikachokoa soketi kwa nyuma kwa ncha za mita. Waya wa moto ulikuwa sawa. Kisha nikaweka ncha moja kwenye mguu wa ethi wa balbu, yaani njia ya umeme kurudi betri, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma zaidi ya volti 4.

Volti zote hizo zilikuwa zinapotea njiani kurudi betri. Na indiketa ilitumia ethi hiyohiyo, ndiyo maana ikiwaka taa inaumia zaidi.

Tuliufuata ule waya kwa vidole, ukapita nyuma ya taa, ukashuka chini ya kitako cha betri, mahali ambapo hata spana iliingia kwa kubembelezwa. Boliti ilikuwa inazunguka kwa mkono. Chini ya pete ya waya kulikuwa na rangi nene, ya siku bodi lilipopakwa upya, na shaba yenyewe imeota ukoko wa kijani. Aliyeipaka hakuibandua hapo kabla ya kurudishia waya.

Nikakwangua kwa msasa hadi bati likang'aa, nikasugua pete, nikakaza, nikapaka grisi juu yake kuzuia kutu. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Kuifikia ndiko kulikotuchosha mgongo.

Mjomba akawasha, akasimama mbele ya gari mikono kiunoni, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Sasa hii ya kushoto mbona ndiyo imekuwa ya njano?"

Na kweli. Nikamwambia azime, nikaanza kuitafuta boliti ya upande wa pili.