Sukari ya jioni: nilivyomuuguza Baba mwenye kisukari na saratani ya mirija ya nyongo

Kama mzazi wako ana kisukari na juzi ameambiwa ana saratani ya mirija ya nyongo, kuna watu watakwambia, "Kwanza saratani, mambo ya sukari baadaye." Usiwasikilize. Sisi tuliambiwa hivyo na majirani, na watu wa kanisa, hata na wengine waliovaa koti jeupe. Nilibishana nao wote na nashukuru nilibishana.

Baba ni seremala, soko la Gikomba hapa Nairobi wanamjua. Kisukari anacho tangu mimi niko shule ya msingi: vidonge vya metformini, halafu baadaye sindano za insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Mwaka jana macho yakageuka manjano, mkojo ukakolea, choo kikapauka, akawa anajikuna usiku kucha. Alipigwa picha, akapitishiwa kamera mdomoni, akawekewa stenti, kijibomba cha kufungua mrija. Uvimbe ulikuwa umeshika mishipa mikubwa ya damu, kwa hiyo upasuaji haukuwezekana. Tukaanza kemo, dawa za saratani kwa dripu. Ya foleni na makaratasi ya SHA, bima ya afya ya serikali, mnayajua.

Daktari wa saratani nilimuuliza moja kwa moja: kisukari kinamfupishia Baba maisha? Alinijibu bila kuzunguka. Wenye kisukari hupata saratani hii zaidi ya wasio nacho, hilo limeonekana mara nyingi. Nani anaishi zaidi baada ya kuipata, hapo tafiti zinavutana: baadhi zimeona wenye kisukari wanafanya vibaya zaidi, nyingine hazikuona tofauti. Hata metformini, kuna waliodai inasaidia dhidi ya saratani yenyewe, lakini mengi ya hayo yalitoka kwenye kuchambua mafaili ya wagonjwa, na wengine hawakuona faida. "Mimi ninachokiona hapa," akasema, "ni kwamba sukari ikiwa juu maambukizi hayakawii, na mwenye stenti tayari yuko karibu nayo. Na hii sisplatini, dawa yake ya kemo, inaumiza figo na neva, zile zile ambazo kisukari kimekuwa kikizila kwa miaka."

Dawa zake zilikuwa jemsitabini na sisplatini, wiki mbili mfululizo, ya tatu anapumzika. Mchanganyiko huo ulithibitishwa na utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2010: waliopewa zote mbili, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.7, waliopewa jemsitabini peke yake, miezi 8.1. Faida ikiwa ni ya miezi, basi kila dripu inayoahirishwa kwa sababu ya sukari inauma. Ndipo nilipoamua Baba hatakosa hata moja kwa ajili hiyo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa baba mdogo. Alisoma kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp kwamba saratani hula sukari, kwa hiyo ukimnyima mgonjwa wanga, uvimbe unakufa njaa. Alikuja kutusaidia wiki niliyokuwa zamu ya usiku, akaondoa ugali, nduma, hata uji wa wimbi. Baba alikula sukuma na yai, sukuma na yai, na insulini akaendelea kudungwa ile ile. Nilipigiwa simu saa nane usiku: Mzee anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, anamwita marehemu nyanya. Mashine ya sukari ikasoma 2.6 (mmol/L), chini mno. Bahati alikuwa bado anameza. Nikawaambia kwenye simu wakoroge vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe polepole, wapime tena baada ya robo saa, kisha wampe uji. Alirudi. Lakini kilo alizopoteza wiki hiyo zilichukua muda kurudi, na mgonjwa wa kemo anazihitaji. Mwili wenyewe hutengeneza sukari hata usipokula. Uvimbe hauuawi kwa njaa ya mgonjwa. Tangu hapo jikoni hakuingii mtu bila kuniuliza: ugali wa kiasi, githeri, nduma, kila mlo una wanga kidogo, na Baba haendi kulala kabla ya kula.

Sasa hii ndiyo ninayojivunia. Asubuhi za dripu sukari ya Baba ilikuwa nzuri, saba, nane. Sista anafurahi, "Mzee, leo uko sawa kabisa." Jioni yake analalamika kiu, anaenda choo kila mara, anasema haoni vizuri. Kesho asubuhi tunapima, imeshuka tena. Kila mtu kliniki akaniambia pima asubuhi kabla ya chai, inatosha.

Haikunitosha. Nikanunua daftari la mraba, nikaanza kumpima saa nne, saa kumi na saa tatu usiku, siku za dripu na mbili zinazofuata. Vijiti vya kupimia si bei rahisi, kopo la hamsini lilikuwa shilingi elfu mbili na kitu, lakini nilivinunua. Siku za dripu nikaandika kwa kalamu nyekundu. Baada ya raundi chache ukurasa ulijisemea wenyewe: asubuhi 7, jioni 19, 21, halafu siku ya nne yote yametulia. Ilikuwa deksamethasoni, ile dawa ya kuzuia kutapika wanayompa kabla ya dripu na vidonge vyake nyumbani. Ukiinywa asubuhi, inapandisha sukari kuanzia mchana hadi usiku, na kipimo cha asubuhi hakiwezi kuikamata.

Kliniki ya sukari ikanituma kwa watu wa saratani, watu wa saratani wakanirudisha kliniki ya sukari. Nikaacha kueleza kwa mdomo, nikawa nafungua daftari mezani. Daktari wa sukari alipoona wekundu ule hakusema neno, alichukua kalamu na kuandika: siku za deksa tu, insulini ya asubuhi iongezwe, zikiisha, irudi ilivyokuwa. Kiasi usikibuni mwenyewe, kila mgonjwa na wake.

Na mikono ioshwe. Msimu wa maembe mashine ilisoma 26.3 na binamu yangu alikuwa ameshavuta insulini ya ziada kwenye sindano. Niliposhika kidole cha Baba kilikuwa kinanata. Alikuwa amemenya embe kwa kisu chake cha kazini na kujifuta kwenye suruali. Tukamnawisha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, tukakausha, tukatoboa pembeni ya kidole kingine, kwa sababu katikati pamejaa sugu za randa: 9.4. Ile dozi ingemwangusha usiku.

Dripu zake zote alimaliza. Moja iliahirishwa kwa ajili ya chembe nyeupe za damu kushuka, si sukari. Picha ya mwisho uvimbe haukuwa umekua. Kabla ya picha ile, ya CT inayopigwa kwa kudungwa dawa ya rangi, waliangalia figo kwanza na kusimamisha metformini siku mbili; wasipokuuliza, wakumbushe.

Mwenye stenti aangaliwe zaidi. Kuna usiku sukari ilikwea hadi 18 bila deksa, bila chakula cha ajabu, kisha akaanza kutetemeka. Joto 38.6. Hatukungoja asubuhi, tulikwenda kasualti: stenti imeziba na nyongo imeingia maambukizi. Wakampa antibayotiki, wakabadilisha stenti. Sukari ndiyo iliyotangulia kutoa habari, saa kadhaa kabla ya homa. Siku hizi ikipanda bila sababu ninayoijua, hatua ya kwanza ni kipimajoto, na begi la hospitali linakaa limefungwa tayari.