Mbao Iliyokunywa Mvua

Mwishoni mwa Oktoba 1994 nilihamishwa kikazi kutoka Tabora kwenda Kigoma, nikapanda treni ya usiku nikiwa na sanduku la nguo, godoro, na bunduki ya kaliba .375 ambayo nilikuwa nimeitumia kwa miaka minne bila kuitilia shaka hata siku moja. Nilikuwa askari wa wanyamapori, yule ambaye watu wa vijijini humwita Bwana Nyama hata kama hajawahi kuwapelekea mnofu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupambana na wanyama waliovamia mashamba. Bunduki ile niliipima mwenyewe Tabora mwezi Agosti, katika kiangazi kile ambacho hata visigino vya watu hupasuka, na kwa umbali wa hatua mia moja risasi zake tatu ziliingia ndani ya duara ambalo ungeweza kulifunika kwa kikombe cha chai.

Kigoma ilinipokea kwa mvua. Wiki ya tatu zikaja habari kutoka Ilagala, karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, kwamba kiboko alikuwa akimaliza mahindi machanga kila usiku. Kiboko akiwa majini huonyesha macho, masikio na pua tu, na akijeruhiwa anayelipa ni mvuvi atakayepita na mtumbwi kesho yake; kwa hiyo niliona ni vyema kuipima bunduki kwanza. Risasi ya kwanza ilikwenda kushoto kwa upana wa vidole vinne. Ya pili ilisogea kushoto zaidi na kupanda kidogo, na ya tatu ikapanda tena, kana kwamba zilikuwa zinafuatana njiani. Leo ningeisoma alama ile kama barua, lakini siku ile niliona tundu tatu tu kwenye karatasi na aibu mbele ya kijana aliyekuwa amenishikia ubao.

Nilianza na kila kilichokuwa cha chuma. Nilisugua mtutu kwa brashi na mafuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikakagua mdomo wake nikitafuta mkwaruzo, nikazishuku risasi zenyewe kwa kuwa boksi lilikuwa la zamani. Kisha nikaamini kwamba kilengeo cha mbele kiligongwa kwenye treni, nikakisogeza kwa nyundo ndogo na kipande cha shaba, jambo ambalo mpaka sasa linanichoma, maana kilikuwa mahali pake. Mwenzangu mmoja alisema ni hewa: Tabora iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko kwenye mita zipatazo 770, kwa hiyo hewa ya Kigoma ni nzito zaidi. Hilo ni kweli, lakini hewa nzito huipunguzia risasi mwendo ikashuka kidogo, haiisukumi kushoto, na kwa hatua mia moja tofauti hiyo haionekani kwa macho. Mwingine alinishauri niipake mawese. Mwishowe nikazikaza kwa nguvu skrubu mbili za chini zinazofunga chuma kwenye mbao, na matokeo yakawa mabaya zaidi. Kila jaribio lilikuwa na gharama yake, kwa sababu risasi zilihesabiwa na kila moja ilitiwa saini kwenye daftari la ghala.

Jibu lilikuja kupitia mlango. Mlango wa nyumba niliyopewa ulikuwa umekwama kwa mvua kiasi cha kufunguliwa kwa bega, nikamwita fundi, mzee wa Ujiji aliyejenga mitumbwi tangu ujana wake. Alipitisha randa mara tatu tu, akasimama.

"Mzee, bado unakwama," nilimwambia.

"Najua, Bwana Nyama. Nikiuparua leo mpaka uteleze, kiangazi utapitisha nyoka. Mbao hunywa maji ikanenepa ubavuni. Kwa urefu hairefuki."

Nilibaki nimeushika ule mlango. Kisha nikaitoa bunduki, nikahakikisha haina risasi, nikachana karatasi ya daftari na kujaribu kuipitisha kati ya mtutu na mbao. Tabora ningeipitisha kutoka ncha ya mbao mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Sasa iliteleza vidole vitatu, ikanasa upande wa kulia. Mbao iliyonenepa ilikuwa inausukuma mtutu kushoto, na kadiri mtutu ulivyopata joto ndivyo ulivyozidi kuibana ile mbao. Kwa nje ilikuwa inang'aa kwa vanishi, lakini ndani ya mfereji ambamo mtutu hulala haikupakwa kitu chochote, na huko ndiko ilikokuwa inakunywa.

Mzee alifungua kibatari, akaupaka mtutu masizi, akaulaza kwenye mfereji na kuuinua tena. Palibaki doa jeusi lenye urefu wa kidole, upande uleule wa kulia. Tulizungushia msasa kipande cha bomba la maji, tukalisugua lile doa, tukapaka masizi upya, tukasugua tena, mpaka karatasi ikapita bila kugusa. Niliirudisha chuma ghalani na kuiacha mbao ikauke kwa siku sita karibu na bati la jikoni, mbali na jua lisije likaipasua, kabla ya kuinywesha mafuta ya kitani kutoka duka la rangi. Mawese hayangefaa: hayagandi yakawa ngozi, hubaki mafuta tu.

Kilengeo nilikirudisha kwenye alama yake ya zamani, skrubu nikazikaza kwa kiasi, nikaomba risasi tatu. Kwenye safu ya sababu niliandika "kupima mbao". Mtunza ghala alisoma, akaniangalia, akauliza kama nimehamia useremala. Jioni nilimwekea karatasi mezani: tundu mbili zilikuwa zimegusana, na la tatu lilikuwa pembeni yake kwa upana wa kidole gumba.

"Na kiboko?" aliuliza.

Kiboko alikuwa amehama siku nne kabla, mto ulipojaa.