Piko kwenye kucha za Bibi

Jana harufu ya piko ilinipokea mlangoni, wanawake wanachanganya ya harusi, nami nikavikumbuka vidole vya yule bibi wa 2021.

Alikuja miezi mitatu baada ya kutoka wodini. Korona ilikuwa imekwisha, picha ya kifua safi. "Mwanangu, nikikuna nazi moja tu, kesho kutwa siinuki." Neno hilo, kesho kutwa, ndilo nililopaswa kulishika. Mimi nikaleta kiti cha kipimo.

Kiti kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Mgonjwa hukunja mikono kifuani, akainuka na kuketi tena na tena kwa dakika 1, kwa mwendo wake. Nilipombana kidoleni kipima oksijeni, kikatoa vistari vitupu. Piko. Chombo hupitisha mwanga kutoka upande wa ukucha hadi wa pili, na weusi ule huuziba. Nikakigeuza ubavu, mwanga ukate nyama bila kugusa ukucha. Nikamsugua viganja vipate joto, nikasubiri tarakimu zitulie: oksijeni asilimia 97.

Akainuka. Mara ya 8 akaanza kupumulia mdomo. Ya 13, dakika ikaisha. Oksijeni 96, mapigo kutoka 88 hadi 124. Sikukitoa kipima kidoleni, maana wakati mwingine oksijeni hushuka mtu akishaketi. Dakika 2 zaidi: bado 96. Ingeshuka kwa 3 au zaidi, ningempeleka kwa daktari papo hapo. (Na kwenye ngozi nyeusi kama zetu vyombo hivi huweza kusoma juu ya hali halisi, kwa hiyo hata 96 si ya kuapia.)

"Basi mimi mzima?"

"Mzima, Bibi. Mwili umelegea tu. Tembea dakika 10 kila siku, kila wiki ongeza 5."

Siku ya tatu bintiye akapiga simu. Mama hajatoka kitandani, kichwa kizito, majina ya wajukuu yanampotea.

Kwa wengi wa hali hii, dalili zinazobaki miezi baada ya korona, mwili hudai malipo ya kazi baadaye, siku 1 hadi 3. Kipimo cha dakika 1 hakiwezi kuliona hilo, na mazoezi ya kuongeza kila wiki huwaangusha. Tukaanza upya na daftari: kazi gani, muda gani, na keshokutwa yake alikuwaje. Mbuzi wa kukunia nazi akaachiwa mjukuu. Bibi akabaki na kuchuja tui, ameketi mezani, akipumzika kabla ya kuchoka. Pumzi ikimbana, viwiko magotini, hewa itoke polepole midomoni kama anayepuliza moto wa jiko.

Alipata nafuu, ya kupanda na kushuka. Sina hakika ni daftari au ni muda tu. Wagonjwa wangu siku hizi nawauliza kwanza habari ya kesho kutwa, kiti baadaye. Nazi nzima kwa mkao mmoja, yeye hajarudi kuikuna.