Kuchora "Kukopa harusi, kulipa matanga" kwa mkono

Maneno haya utayakuta kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, juu ya rafu ya sabuni, mara nyingi yakiwa yameandikwa kwa makapeni (kalamu nene ya wino) kwenye kipande cha boksi. Ni kazi nzuri ya kujifunzia kuchora herufi, maana sentensi yenyewe ina pande mbili: kukopa ni raha, kulipa ni msiba. Mchoro ukizifanya harusi na matanga zifanane, kazi haijafanyika.

Kabla ya kugusa penseli, hesabu herufi. Ziko 25, na A peke yake ni 6. Kiswahili ndivyo kilivyo, A imejaa kila mahali, kwa hiyo chora A kwanza na uitafutie umbo linalokuridhisha. Mstari wake wa kati uwe chini ya nusu, kama theluthi moja kutoka chini. Ukiuweka katikati kabisa, tundu la juu linakuwa dogo na A inaonekana kama inakunja uso. A ikishatulia, robo ya bango imetulia.

Chukua karatasi ya A3 uisimamishe, na uache milimita 25 kila upande. Unabaki na upana wa 247 na urefu wa 370. KUKOPA na KULIPA zipe kimo cha milimita 50, HARUSI na MATANGA 110. Kati ya mistari acha 15, kisha 20, kisha 15, ili maneno yagawanyike mawili mawili.

Wengi hukwama kwenye upana kwa sababu wanahesabu herufi badala ya nafasi. Herufi ya kawaida ihesabu kuwa kipimo 1, I nusu, M moja na nusu. MATANGA inakuwa 7.5, HARUSI 5.5. Ukichukua milimita 28 kwa kipimo na mapengo ya milimita 6, MATANGA inajaza mstari mzima: 210 na 36, jumla 246. HARUSI ili ijae inahitaji kipimo cha 39. Tofauti hiyo usiifiche, inakusaidia: HARUSI inanenepa kama mtu aliyetoka kwenye pilau, MATANGA inabanana na kurefuka. HARUSI ipambe, mguu wa R uvutwe chini kwa mkunjo, pambo la korosho kama la kwenye kanga liingie ndani ya U. MATANGA iache nyeusi, nguzo zake (mistari ya wima) ziwe nene, milimita 10, bila pambo lolote.

KUKOPA kwa kipimo cha 28 inafika 198, KULIPA 184. Ongeza mapengo ya KULIPA hadi milimita 9 na zitalingana.

Hayo mapengo ni ya kuanzia tu. Rula haijui herufi zina maumbo gani. Ndani ya KUKOPA, U na K ni nguzo mbili zilizosimama wima zikitazamana, hapo ndipo pengo linatakiwa kuwa kubwa kuliko yote. O na P zisogeze karibu kidogo. P na A zibane kabisa, kwa sababu chini ya tumbo la P tayari pana uwazi. Kwenye MATANGA, miguu ya A iingie chini ya mikono ya T, hata milimita 5, la sivyo neno linasomeka MA TANGA. Kukagua, geuza karatasi juu chini: jicho likiacha kusoma ndipo linapoona mashimo.

Herufi za mviringo nazo zina ujanja wao. S iliyoishia sawasawa kwenye mstari huonekana fupi kuliko H. Ivushe milimita 2 juu na 2 chini, na tumbo lake la chini liwe kubwa kuliko la juu. U ivushe chini tu.

Rasimu ichore kwenye karatasi ya bei rahisi. Ukiridhika, paka chaki ya rangi mgongoni mwake, ibandike juu ya karatasi nzito (gramu 200 kwa mita mraba au zaidi, nyepesi hujikunja ikilowa), kisha fuata kingo kwa kalamu ya wino. Makapeni usiitumie kwa kazi ya mwisho, wino wake husambaa na kingo zinaota ndevu. Rangi ya akriliki na brashi bapa ya milimita 10 inatosha: nguzo ya MATANGA inatoka kwa mvuto mmoja, juu kwenda chini. Mkono uegemeze kwenye fimbo ili usifute chaki.

Kwa ubao wa dukani zidisha vipimo vyote kwa 2, na utumie rangi ya mafuta. Ikichuruzika ni nyepesi mno. Ikiacha michirizi ya nyuzi za brashi ni nzito, ongeza tapentaini kidogo kidogo.