Kiswahili cha Babu

Leo nimelifungua tena kopo la bati ambalo babu aliliacha chini ya kitanda chake, katika nyumba yetu ya kijijini karibu na Kamuli. Ndani yake mna kijiko kimoja, tikiti za kodi zilizofifia wino, na Nyota ya Burma, medali ya shaba yenye ncha sita ambayo utepe wake umeanza kuliwa na nondo.

Babu alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, bataliani ya 4, ile ya Uganda. Alipoandikishwa hakujua hata neno moja la Kiswahili. Alikikuta kambini, miongoni mwa Waacholi, Walangi na Wateso, ambao nao hawakuwa na lugha nyingine ya kusemezana na kijana wa Kisoga. Kwa Kiswahili alijifunza gwaride, na kwa Kiswahili alipita katika bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwafukuza Wajapani huku mvua ikinyesha mchana na usiku, barabara zikigeuka tope, chakula kikidondoshwa na ndege, na vidonge vya kuzuia malaria vikiwageuza ngozi kuwa ya manjano. Mwezi wa Desemba, pale Kalewa, wahandisi walitandaza juu ya mto Chindwin daraja lenye urefu wa mita zaidi ya 350. Babu alisema alilivuka akihesabu hatua, kwa kuwa aliyekuwa akihesabu hakupata nafasi ya kutazama maji.

Kuhusu mapigano yenyewe hakutusimulia.

Nyumbani tulizungumza Lusoga, na kwa miaka mingi Kiswahili chake hakikusikika. Mama alinieleza sababu. Katika miaka ya 1970 Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani, na watoto wa jirani walipomsikia babu akiwahesabu ng'ombe wake, "moja, mbili, tatu," walikimbilia migombani. Tangu siku hiyo aliwahesabu kimya. Kila ninapolifikiria jambo hilo moyo unaniuma kuliko kwa habari zote za Burma, maana lugha waliyozikwa nayo nusu ya marafiki zake ilikuwa imechukuliwa na watu wengine, na yeye hakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Nilipofikisha miaka saba, vita vya nyumbani vikiwa vimetulia, alianza kunifundisha. Tulikaa chini ya mfenesi, yeye akiwa ameng'arisha viatu vyake kama kawaida, akanianzishia majina ya vitu: maji, blanketi, sufuria, mtu. Nilimwuliza kwa nini nijifunze lugha ambayo watu wanaiogopa. Akajibu kwamba kabla haijawa ya wale, ilikuwa ya wenzake, akawataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na somo la siku hiyo likaishia hapo. Mwaka 2005, katiba ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, nilimsomea habari hiyo gazetini. Alitaka nimsomee mara mbili.

Wiki yake ya mwisho Lusoga kilimtoka. Shangazi zangu walimwinamia wakamsemesha, naye aliwatazama kwa heshima kama wageni. Usiku mmoja aliamka akauliza, kwa sauti ya kijana, "Zamu ya nani?" Hakuna mwingine chumbani aliyeelewa. Nikamjibu, "Yangu, afande. Wewe lala." Akauliza kama mvua imekatika. Nikamwambia imekatika. Alilala hadi jua lilipochomoza, na siku mbili baadaye alifariki.

Kaka yangu anataka medali iwekwe kwenye fremu, itundikwe sebuleni, na huenda ana haki. Mimi nimeirudisha koponi, kando ya kijiko, ambacho nyuma ya mpini wake, nimegundua leo, kimechorwa kwa ncha ya kisu herufi mbili ambazo si za jina la babu.