Kufuli la sanduku la maoni

Leo nimevunja kufuli la sanduku la maoni la wafanyakazi wa bekari yetu. Ufunguo aliondoka nao msimamizi aliyeacha kazi, na hakuna aliyeuulizia, mimi nikiwemo. Ndani: maganda ya peremende na vikaratasi kumi na kimoja. Tisa ni vya mshahara na chai ya zamu ya usiku (chai haina sukari, hilo ni kweli). Kimoja hakisomeki. Cha mwisho kimeandikwa nyuma ya kipande cha mfuko wa unga: "Mkate unafungwa ukiwa wa moto. Unatoa jasho ndani ya mfuko. Tuusubiri upoe."

Nikakaa juu ya kreti. Tumegombana na wenye maduka mpaka basi kuhusu mikate inayorudi na ukungu. Tulilaumu hamira, tukabadilisha unga, tukalaumu masika. Kumbe mpakiaji, anayeishika hiyo mikate kila alfajiri na kuusikia uvuguvugu wake, alishajua. Jina hakuandika, ila mwandiko wake naujua kutoka kwenye daftari la mzigo.

Siku tulipopigilia sanduku lile ukutani, mimi ndiye niliyehutubia. Nilitaja Toyota kwa mbwembwe: kwamba Eiji Toyoda, mmoja wa wakuu wake, alikwenda Marekani mwaka 1950, akaona kwa Ford utaratibu wa wafanyakazi kutoa mapendekezo, na mwaka 1951 wakauanzisha kwao Japani. Watu wakapiga makofi. Nilichoruka ni kwamba kule pendekezo husomwa, hupimwa, na mwenyewe hujibiwa na kupewa chochote, hata wazo likiwa dogo. Sisi tulichukua sanduku tu. Tena tukalitia kufuli!

Nikamfuata mpakiaji kwenye gari.

"Shikamoo mzee. Kile kikaratasi cha mkate kutoa jasho ni chako?"

"Marahaba. Kile?" Akacheka. "Niliandika kabla ya Ramadhani, bosi. Nikajua mmeona hakina maana."

Nilitamani anitukane.

Wazo lenyewe lina gharama zake. Mkate upoe mpaka ndani unataka saa mbili au zaidi, na gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Waokaji itabidi waanze mapema, nao watanuna. Nafasi ya kuweka rafu hatuna, labda tuhamishe magunia. Kwa hiyo tumekubaliana tujaribu rafu moja kwa wiki moja, mifuko yake tuitie alama ya kalamu nyekundu, tuone itarudi mingapi. Mwenye kuhesabu ni yeye. Ikishindikana nitamwambia mwenyewe, na sababu nitampa. Jumatatu nitawajibu na wale wa chai.

Kabla sijaondoka nikamuuliza kama ana mengine.

"Yapo," akasema, akainua kreti nyingine, akaipanga juu ya mwenzake. Nikasubiri. Akaendelea kupanga.