Wifi na hondohondo

Nguo za matope nimeshafua na zimekauka, lakini neno la wifi bado linanizunguka kichwani. Baba kafanyiwa upasuaji wa jicho salama, ofisi imehamia ghorofa ya pili, yote hayo yamepita, mimi niko palepale chini ya mti, kule kwenye msitu wa Amani, Usambara.

Mnajua nilivyoililia safari hiyo ya kutazama ndege. Wifi nilimchukua atoke ndani kidogo, maana tangu kaka aende Msumbiji kwenye ujenzi amekuwa mtu wa kuangalia simu tu. Barabara ya kupanda kutoka Muheza ilikuwa utelezi mtupu, na ndege wengi wa kwenye daftari langu niliambulia sauti.

Siku ya pili mzee aliyekuwa anatuongoza akasimama, akatuonyesha ufa mwembamba juu kwenye shina, kama wa sanduku la sadaka. Humo ndani yumo hondohondo jike, ndege wa mdomo mkubwa. Amejiziba kwa udongo anaoletewa na dume, na atakaa humo zaidi ya siku 100, alalie mayai, alee, kila anachokula kipitie kwenye ufa huo. Miaka ya 1930, akasema, Mwingereza mmoja, Moreau, aliishi hapo Amani akiwachunguza ndege hawa yeye na mkewe. Chini tulikanyaga kokwa na miche ya mihesi. Mti wa kuletwa huo, unabana miti ya asili, na wanaousambaza ni hondohondo haohao.

Dume unamsikia mabawa kabla hujamwona. Akatua, akatikisa kichwa, akatoa tunda kooni, akalipenyeza. Akatoa lingine. Na lingine. Machozi yalikuwa yananilenga nyuma ya darubini, wifi akauliza:

"Baba, na asiporudi je?"

Mzee hakufikiri hata kidogo. "Atabomoa atoke. Ana mdomo huyo."

Wifi akacheka mpaka akashika mti. Kisha akanigeukia: "Kaka yako angekuwepo amsikie mzee."

Kaka yako! Miaka yote hii ni Baba Doreen. Baba Doreen kapiga, Baba Doreen katuma. Alikuwa anatania? Kicheko kilikuwa cha utani, macho sijui, sikuyatazama, nilijifanya narekebisha darubini. Mpaka Korogwe nilikuwa nimemnunia kwa kuniharibia ndege wangu.

Juzi kanipitia ofisini, katoka Kiboriloni na mafurushi ya vitambaa. Anaitaka cherehani yake kutoka kwa mama, ameshaongea na wenzake wa kikoba, amepata kibaraza cha kukodi. Anaongea haraka, mikono haitulii, na kusema kweli nilifurahi mpaka nikamwongezea hela ya uzi. Mama sijamwambia. Nani ataanza?

Jana kaka akapiga, akataka habari za ndege. Nikamsimulia yote, udongo, ufa, matunda, nikaishia kabla ya swali la wifi. Akaguna.

"Huyo dume anateseka jamani. Na hakuna anayempa hata pole."

Nikamwambia salio linaisha. Yeye ndiye aliyepiga.

Halafu gari. Tairi la mbele kushoto linakoroma kila nikikata kona, fundi wangu hapokei simu, na Jumamosi natakiwa kuwapeleka mama na shangazi Rombo kwenye kipaimara.